Mtaro ulioishia kwenye mpaka wa wadi: kwa nini mipango ya maendeleo ya Mombasa ifuate njia ya maji

MWANZISHA UZI

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Nimefanya kazi ya kupanga maendeleo kwa miaka mingi katika ofisi moja ya serikali hapa Pwani, na kuna jambo ambalo nimelibeba muda mrefu bila kuliandika. Naomba mnivumilie, maana si jambo la mistari miwili.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilitumwa kukagua mtaro wa maji ya mvua uliokuwa umekabidhiwa na mkandarasi. Ulikuwa mtaro mzuri wa kupendeza. Mawe yalipangwa kwa ustadi, saruji ilipigwa laini, na kingo zilinyooka kama uzi wa mwashi. Nilitembea kandokando yake, nikahesabu hatua mia nne na kidogo, mpaka mahali ulipokoma ghafla, mbele ya ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mmoja. Hapakuwa na bomba, wala shimo, wala njia nyingine yoyote ya kuyatoa maji. Maji yote ya mtaa wa juu yalikuwa yakishuka kwa kasi kwenye ule mtaro na kumwagika pale pale. Mama alikuwa amepanga magunia ya mchanga mlangoni, na kitanda chake alikuwa amekiinua juu ya matofali, matatu kila mguu. Nilipomuuliza mhandisi kwa nini kazi ilisimama pale, alinionyesha kigingi kilichopakwa rangi nyekundu, akaniambia, "Wadi inaishia hapa."

Alikuwa anasema kweli. Fedha zilitengewa wadi ile, zabuni ilitaja wadi ile, na senti moja isingeweza kuvuka kigingi kile bila mkaguzi wa hesabu kuuliza. Kwenye ripoti ya robo mwaka mradi uliandikwa kuwa umekamilika kwa asilimia 100, na sahihi yangu imo.

Tangu siku ile nimeamini kwamba tatizo kubwa la mipango yetu ni jinsi tunavyoigawa nchi kabla hatujaanza kupanga. Tunachukua ramani ya uchaguzi, yenye maeneo bunge 6 na wadi 30, tunaigeuza kuwa ramani ya maendeleo, kisha tunashangaa mafuriko yanaporudi kila mwaka, mabomba yanapokauka na taka zinapoziba njia tulizozijenga wenyewe. Maji hayapigi kura. Yanafuata mteremko, na mteremko wa Mombasa unaishia horini, yaani kwenye mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, au baharini.

Nieleze kwanza jinsi mambo yanavyotakiwa kwenda kisheria, kwa sababu wengi hulaumu bila kujua ni mlango gani wa kubisha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, inasema kwamba kaunti ni lazima ipange, na kwamba fedha za umma hazitatengwa nje ya mpango ulioidhinishwa na bunge la kaunti. Mpango mkuu ni ule wa miaka mitano, yaani Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili wa 2018 hadi 2022, na sasa tumo katika wa tatu, wa 2023 hadi 2027. Sheria hiyo hiyo inataka pia mipango ya sekta ya miaka kumi, na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi uliochorwa kwenye ramani. Ukisoma kwa utulivu utaona kwamba waliotunga sheria walitaka ramani itangulie na orodha ya miradi ifuate. Katika utendaji tumepindua. Orodha hutangulia, na ramani, ikiwa ipo, huja baadaye kuipamba.

Kisha kuna mzunguko wa kila mwaka, na hapa ndipo wananchi wengi hupitwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, ambayo huweka kiwango cha juu cha fedha kwa kila sekta, hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Watu wetu huitwa, na hujaa ukumbini, mwezi wa Mei, wakati wa kusikiliza maoni kuhusu makadirio. Wakati huo vikomo vya kila sekta vilishawekwa Februari, na miradi ilishaorodheshwa Agosti ya mwaka uliotangulia. Mzee anasimama, anaeleza kwa uchungu jinsi mtaa wake unavyofurika, maneno yake yanaandikwa vizuri kwenye kumbukumbu, na hakuna tena mfuko ambamo ombi lake linaweza kuingia. Nimekaa meza ya mbele katika vikao vya namna hii mara nyingi mno, na sijawahi kuzoea kuyatazama macho ya wazee wale.

Kuna jambo la pili ambalo ofisi zetu hazijalitia katika hesabu, ingawa kila mvuvi wa Mtongwe analijua: bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bahari hujaa kupita siku nyingine. Mvua kubwa ikianguka saa ambayo bamvua limejaa, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya maji ya bahari, na maji ya mvua hayana pa kwenda. Yanarudi nyuma, yanapanda, yanaingia majumbani. Mtaro unaweza kuwa mpana na msafi, na bado ukashindwa kwa sababu aliyeuchora alipima mvua peke yake. Wakati wa mvua za mwishoni mwa 2023 mitaa kadhaa ya Mombasa ilizama, na lawama nyingi zikaangukia taka zilizoziba mitaro. Taka ni kweli. Lakini mtaro unaopangwa bila ratiba ya maji kujaa na kupwa, katika mji ambao kiini chake ni kisiwa, ni nusu ya kazi. Bahari inapozidi kupanda kwa sababu ya joto la dunia, nusu hiyo itapungua kuwa robo.

Hali hii haizuiliki kwa bahati. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika Mombasa, na ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Ardhi haikuongezeka. Watu wale zaidi ya laki mbili na nusu wamejenga mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo palikuwa bonde, ukingo wa hori, au njia ambayo maji yalizoea kupita kabla ya kuwekwa mawe ya msingi.

Pendekezo langu ni hili. Idara yoyote ya mipango na uchumi hapa Pwani, kabla ya kupokea orodha ya miradi kutoka wadi yoyote, ichore kwanza mikondo yote ya maji: maji ya mvua yanakoanzia, yanakopita na yanakotokea, maji ya kunywa yanakotoka, majitaka yanakoishia. Baada ya hapo wadi zinazoshiriki mkondo mmoja zikae meza moja na kuandika mradi mmoja. Nitafurahi kupingwa.

MCHANGIAJI WA JOMVU

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa kufungua mambo ambayo kwa kawaida hufungiwa ofisini. Nimekusoma mara mbili, na bado nina hofu. Sisi wa bara, huku Jomvu na Mikindani, tumekaa miaka mingi tukiona lami na taa zikiishia kisiwani na Nyali. Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013, wadi ikawa kitu cha kwanza tulichoweza kukishika mkononi. Mwakilishi wa wadi ninamjua kwake, nikimkosa ofisini ninamkuta msikitini au kwenye mazishi. Ukiuondoa mradi kwenye wadi ukaupeleka kwenye "mkondo", nitamshika nani? Wataalamu watakaa na ramani zao, na ramani ina tabia ya kuwaelekea wenye sauti. Naomba utufafanulie jinsi mtu wa mtaa asiye na mhandisi wa kumtetea atakavyolindwa.

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu wa Jomvu, hofu yako ni ya haki na siipuuzi. Sitaki fedha za wadi ziondoke. Ninachotaka ni kwamba mradi wa mtaro, wa bomba au wa majitaka usipimwe kwa mipaka ya wadi. Zahanati, chekechea, taa ya mtaani na soko dogo vibaki kama vilivyo, kwa kuwa vinaweza kusimama ndani ya wadi moja na kufanya kazi yake kamili. Mtaro hauwezi.

Kuna kanuni moja ya ujenzi ambayo inakulinda wewe kuliko inavyomlinda tajiri, nayo ni kwamba mtaro huanza kujengwa mdomoni, kule maji yanakotokea, kisha unapanda kuelekea juu. Ukianzia juu unamkusanyia jirani wa chini mafuriko ambayo hapo awali yalikuwa yakitawanyika. Sasa fikiri ni nani anayekaa chini. Katika Mombasa, anayekaa ukingoni mwa hori mara nyingi ni mpangaji wa chumba kimoja cha mabati, ilhali aliyeko juu ndiye mwenye barabara ya lami na mwakilishi anayesikika. Tukikubaliana kwamba kazi yoyote ya maji ianzie chini, fedha za kwanza zitafika kwa mtu ambaye kwa utaratibu wa sasa hufikiwa mwisho.

Kuhusu nani wa kumshika: mkondo uwe na kamati yenye mjumbe wa kila wadi inayopitiwa, na mjumbe wa wadi ya chini kabisa awe na haki ya kukataa kazi kupokewa mpaka maji yafike baharini. Sahihi yangu ile isingepita mbele ya mjumbe kama huyo.

MCHANGIAJI WA KINANGO

Salamu kutoka Kwale. Ninasoma uzi huu nikiwa na maumivu kidogo, kwa sababu ndugu zangu wa Mombasa mnazungumzia mkondo kana kwamba unaanzia Changamwe. Maji mnayokunywa yanatoka kwetu na kwa majirani zetu: Marere kwenye Milima ya Shimba, visima vya Tiwi, Baricho kule Kilifi, na Mzima ndani ya Tsavo Magharibi. Bomba la Mzima linasafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika Mombasa. Sasa bwawa la Mwache limepangwa huku huku kwetu, na sehemu kubwa ya maji yake ni ya mji. Mama zetu bado wanaamka alfajiri kwenda kuchota kwenye mabwawa ya udongo wanayogawana na ng'ombe. Mpango wa Mombasa ukiitwa endelevu, je, sisi tumo ndani yake au sisi ni chanzo tu?

MWANZISHA UZI

Mzee wangu wa Kinango, swali lako ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, na ninakiri kwamba niliandika kama mtu wa mjini. Unayosema yana ushahidi unaoonekana kwa macho. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bonde la mto Mwache hadi horini, na sehemu kubwa ya mikoko ya kule ikafa kwa kufunikwa na tope. Mkoko hupumua kwa mizizi, ukiifukia, unaunyonga. Shamba lisilo na matuta huko juu likafa rutuba, na mazalio ya samaki huku chini yakafa pia, katika msimu mmoja, kwa udongo ule ule. Hakuna mpango wa uvuvi wa Mombasa ambao ungeweza kuzuia jambo hilo ukiwa umeandikwa Mombasa peke yake.

Na bwawa la Mwache litakabiliwa na tope hilo hilo. Bwawa hujaa maji, na hujaa udongo pia. Kila tani ya udongo inayozuiwa kwenye shamba la Kinango ni nafasi ya maji inayobaki ndani ya bwawa kwa ajili ya mtu wa Likoni. Kwa hiyo fedha za kumsaidia mkulima kuchimba makinga maji, kupanda nyasi za kingo na kuacha mita kadhaa kando ya mto bila kulimwa si sadaka ya mji kwa mashamba. Ni gharama halali ya kupata maji, na ingepaswa kuandikwa katika bajeti ya maji ya mji kama tunavyoandika umeme wa pampu. Wenzetu wa Nairobi wamejaribu njia hii: mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Upper Tana na Nairobi, ambapo watumiaji wakubwa wa maji wa jiji huchangia kazi za kuhifadhi udongo kwa wakulima wa juu ya mto. Pwani tuna chombo cha kuanzia, Jumuiya ya Kaunti za Pwani, inayokutanisha Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Katiba, ibara ya 189, inaruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kinachohitajika ni kaunti ya chini, yaani sisi tunaokunywa maji hayo, kutangulia kutenga fedha. Ukingoja wa juu aanze, utangoja sana, na ana haki ya kukungojesha.

Na kijiji kinachopitiwa na bomba kipate bilula yake kabla ya bomba hilo kufika mjini. Hilo sitaki hata kulijengea hoja.

MCHANGIAJI WA KISAUNI

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mpango wa serikali ninaousoma siku hizi una jedwali la malengo 17 ya maendeleo endelevu, na kila mradi umewekewa namba ya lengo lake. Choo cha soko ni lengo la 6, taa za barabarani ni la 7, mitaro ni la 11. Wanafunzi wangu huniuliza neno "endelevu" maana yake nini, na ninashindwa kuwaonyesha kwa mfano. Je, kuna njia ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kushika mpango mkononi na kujua kama uendelevu wake ni wa kweli?

MWANZISHA UZI

Dada mwalimu, iko njia, na haihitaji shahada. Funua ukurasa wa mradi, utafute mstari wa matengenezo. Malengo yale 17, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, yana shabaha 169, na kuweka namba kando ya mradi ni kazi ya dakika mbili. Kuandika ni nani atakayezibua mtaro mwaka wa tatu, kwa fedha za kifungu gani, na kwa kiasi gani, ndiko kunakomtoa mpangaji jasho. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, katika kipindi cha kati, iende kwenye maendeleo. Ni kanuni nzuri, ila imezaa tabia ya kuona ujenzi mpya kuwa ndio maendeleo, na ukarabati kuwa matumizi ya kawaida yasiyo na sifa. Hakuna anayekata utepe kwa sababu mtaro umezibuliwa.

Njia ya pili ni kutazama kinachohesabiwa. Chukua mikoko. Ripoti nyingi huhesabu miche iliyopandwa, na picha hupigwa siku ya kupanda. Mpango wa kweli huhesabu miche iliyo hai baada ya miaka mitatu, na hutaja aina yake, maana mlilana hukaa mbele kwenye maji na mkandaa hukaa nyuma; ukivibadilisha mahali, bamvua mbili tatu zinatosha kuvimaliza. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako mfano ulio hai, wapeleke Gazi, Kwale. Kikundi cha Mikoko Pamoja kimekuwa kikilinda mikoko ya pale na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, tangu 2013, na mapato yake yamesaidia huduma za kijiji, yakiwemo maji na elimu. Msitu unalipa gharama ya kulindwa kwake. Watoto wakiuona mzunguko ule kwa macho yao, neno "endelevu" halitawasumbua tena.

Na mfano mwingine uko karibu zaidi, hauhitaji hata basi la shule. Kwa miongo mingi tuta la barabara la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara, liliziba maji yasipite kati ya hori ya Tudor na hori ya Port Reitz. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja mahali pake, na maji yakarudi kupita chini. Simameni pale wakati maji yanapokupwa, muwaulize watoto ni wadi ngapi zinaguswa na mkondo ule.

MCHANGIAJI WA JOMVU

Nimeridhika kwa sehemu kubwa. Nina maswali mawili tu. Sisi watu wa mtaa tuanzie wapi hasa? Na ule mtaro wa mama ulimalizika?

MWANZISHA UZI

Anzeni mwezi wa Juni, kabla watu wa ofisi hawajashika kalamu. Tembeeni mkondo wenu kutoka juu hadi mdomoni siku ya mvua, mkiwa na simu ya kupiga picha, na mrudi tena siku ya bamvua. Chora kwa mkono, hata kwenye karatasi ya daftari, mahali maji yanapotuama na mahali njia ilipojengwa juu yake. Andikeni barua isiyozidi kurasa mbili, itaje wadi zote zinazopitiwa, sahihi ziwe za watu wa wadi zote hizo, na iwasilishwe kwa idara ya mipango na kwa wawakilishi wenu kabla ya mwisho wa Julai, mchukue nakala iliyogongwa muhuri. Kwa sababu mpango wa mwaka unafungwa tarehe 1 Septemba, barua iliyofika Julai ina mahali pa kuingia. Halafu mwezi wa Februari mrudi na nakala ile kuuliza kama sekta imepewa kiwango kinachotosha. Mei mje kama kawaida, lakini safari hii mtakuja kukagua kilichoandikwa.

Mtaro wa mama ulichukua miaka minne. Ulimalizika baada ya wawakilishi wawili, waliokuwa hawasalimiani, kukubali kuandika mradi mmoja wenye majina ya wadi mbili. Mafundi walianzia ufukweni, wakapanda. Nilikwenda kumtazama baada ya kazi kwisha, akanikaribisha chai ya tangawizi, na nikaona magunia ya mchanga yameondolewa mlangoni. Kitanda kilikuwa bado juu ya matofali. Aliniambia atakishusha akiona masika mawili yamepita.